Miwa Ni Yetu, Makapi Ni ya Nani?

Ukitaka kujua nani anakula na nani anatazama huku Kakamega, usiulize sukari inauzwa pesa ngapi. Hiyo hata mtoto anayetumwa dukani anajua. Uliza makapi yanaenda wapi.

Makapi ni zile nyuzi zinazobaki muwa ukishakamuliwa. Sisi tuliokulia huku tunayajua kwa meno: unatafuna, unanyonya, unatema. Tulikuwa tunakimbiza trekta za miwa barabarani, unachomoa muwa mmoja nyuma ya trela huku tanboi anakutusi ukoo mzima, na kufikia jioni njia imejaa vile vitu vyeupe tulivyotema. Kwetu ilikuwa takataka. Kiwandani ni mali. Yanaingia kwenye tanuri, yanachemsha maji, mvuke unazungusha mtambo, umeme unatoka. Umeme huo unaendesha kiwanda, na kiwanda kikiwa na mitambo ya kutosha, unaozidi unauzwa.

Anayeuza ni mwenye kiwanda. Aliyepanda, akapalilia na kungoja mwaka mmoja na nusu muwa ukomae, hana lake kwenye hayo makapi.

Sasa, kuna neno limeingia mjini na linapendwa sana kwenye makongamano: uchumi wa kibayolojia. Maana yake si ngumu. Badala ya kuchimba mafuta ardhini na kutengeneza kila kitu kutoka humo, tutumie vitu vinavyoota na mabaki yake: mafuta ya kupikia moto, umeme, karatasi, dawa, mbolea, chakula cha mifugo. Mwaka 2022 Jumuiya ya Afrika Mashariki ilizindua mkakati wa kanda nzima kuhusu jambo hili, chini ya tume yake ya sayansi na teknolojia, EASTECO, yenye makao Kigali. Mkakati wa miaka kumi. Wataalamu wanasema tuna jua, tuna mvua, tuna udongo, tuna vijana. Ukiwasikiliza utadhani tunachokosa ni maarifa tu, tuletewe semina mbili tatu na mambo yatanyooka.

Mimi nasema hapana. Uchumi huo ulishawahi kujengwa hapa Kakamega, kwa mabilioni, na ukaanguka tukiuona. Na utaanguka tena, uitwe jina gani, mpaka mkulima alipwe kwa muwa mzima.

Wacha tufanye hesabu kidogo. Chukua tani moja ya miwa. Ikipita kwenye vinu inatoa kati ya kilo 80 na 100 za sukari, kilo 30 hadi 40 za molasi, na karibu kilo 300 za makapi mabichi. Yanabaki pia matope ya chujio, ambayo ni mbolea nzuri ukiyarudisha shambani. Sehemu kubwa ya kilichobaki ni maji. Ile molasi ukiichachusha na kuikeneka unapata ethanoli: ya kupikia, ya kutengeneza pombe, ya kuchanganya na petroli, ya kusafisha mikono kama tulivyofundishwa kwa nguvu mwaka 2020. Makapi nayo yanatoa umeme, yanatoa karatasi, yanabanwa kuwa makaa ya kuni kwa viwanda vya chai.

Halafu chukua hati ya malipo ya mkulima. Kuna idadi ya tani. Kuna bei ya tani, ambayo miaka ya karibuni imekuwa ikizunguka shilingi 5,000 na ushee, leo imepanda, kesho imeshuka. Halafu makato yanajipanga: mbegu, mbolea, kulima, kukata, kubeba. Hakuna mstari wa molasi. Hakuna mstari wa umeme. Hakuna mstari wa ethanoli.

Bei yenyewe inatoka wapi? Kanuni iliyotumika Kenya kwa miaka mingi inatazama mambo mawili: sukari inauzwa bei gani ikitoka kiwandani, na inachukua tani ngapi za miwa kupata tani moja ya sukari. Yaani mbele ya kanuni hiyo muwa ni mfuko wa sukari na maji, basi. Vingine vyote vilivyotoka kwenye shamba lile lile, kwa mvua ile ile na mgongo ule ule, vinavuka lango la kiwanda bila jina.

Mtu ataniambia: kijana, hiyo ndiyo biashara. Ukiuza mahindi sokoni, aliyenunua akipika ugali au akikaanga bisi, inakuhusu nini?

Swali zuri, na jibu lake ni muwa wenyewe. Mahindi nitaanika, nitaweka dawa, nitayafungia mpaka Machi bei ipande. Muwa ukishakatwa unaanza kupoteza sukari palepale. Siku mbili tatu juani na tayari umekula hasara. Huwezi kuuficha stoo. Huwezi kuupeleka Nairobi na matatu. Unauza kwa aliye karibu, kwa mizani yake, kwa bei aliyokukuta nayo, na mara nyingi kwa mbolea aliyokukopesha yeye. Hapo hakuna soko, kuna foleni. Mtu aliyefungwa kwa mnunuzi mmoja hivyo ana haki ya kuuliza mnunuzi huyo anafanya nini na mali yake, kwa sababu hana njia nyingine ya kudai bei.

Na tena, si lazima twende ng'ambo kutafuta mfano. Panda matatu kutoka Kakamega, shuka Mudete, Vihiga. Mkulima wa chai pale akipeleka majani analipwa pesa ya mwezi, halafu mwaka wa hesabu ukiisha anangoja bonasi. Bonasi inategemea kiwanda kimeuza chai kwa bei gani. Najua mfumo wa KTDA una kelele zake, na kila mwaka kuna watu wanapiga kelele kwamba bonasi imekuwa kiduchu. Lakini sikiliza wanachopigania: wanapigania ukubwa wa bonasi. Kwamba wana haki ya bonasi hakuna anayebisha, kwa sababu wakulima ndio wenye hisa katika viwanda vyao. Sisi wa miwa tuko kilomita chache kutoka hapo na bado tunapigania kulipwa tu.

Nilipoacha chuo nikiwa mwaka wa tatu, ada yangu ilikuwa imesimama shambani, ekari moja na nusu. Mkopo ulikuwa umeisha na mama akaniambia ngoja miwa ikatwe. Ikakatwa. Ikabebwa. Ikapimwa. Malipo yakaja baada ya zaidi ya mwaka, na makato yakiwa yametangulia kama kawaida ya makato. Kiwanda hicho sitakitaja, kwa sababu ukiuliza boma kumi za huku utasikia hadithi kumi za aina hii. Ninachotaka uone ni kitu kimoja. Mwaka huo wote tuliongoja, sukari yetu ilishaliwa. Molasi yetu ilishauzwa. Makapi yetu yalishachomwa na kazi yake ikafanyika. Ada ndiyo ilikuwa haijalipwa. Kwa lugha nyingine, mama alikikopesha kiwanda pesa kwa mwaka mzima bila riba, na yeye ndiye aliyeitwa mkulima mdogo anayehitaji kuwezeshwa.

Sasa tuje kwa Mumias, kwa sababu hakuna kuongea haya mambo bila kupitia Mumias.

Kampuni ilianzishwa mwaka 1971 na kiwanda kikaanza kusaga 1973. Kikakua mpaka kikawa kikubwa kuliko vyote nchini. Mwaka 2001 kikaingia soko la hisa la Nairobi, na watu wa huku wakauza ng'ombe kununua hisa. Kufikia 2009 kilikuwa na mtambo wa umeme wa megawati 34, na megawati 26 kati ya hizo zilikuwa za kuuzia gridi ya taifa, zote kutoka kwa makapi. Mwaka 2012 kikazindua mtambo wa ethanoli wenye uwezo wa lita milioni 22 kwa mwaka. Mwaka huo huo kikaanza hata kuuza maji ya chupa. Sukari, umeme, ethanoli, maji: kila kinachohubiriwa leo kwenye kongamano la uchumi wa kibayolojia kilikuwa kinafanyika Mumias miaka kumi kabla ya mkakati wa Jumuiya kuchapishwa. Tulikuwa mbele ya wakati, wasee.

Kisha? Hasara, madeni, kashfa za sukari iliyoagizwa kutoka nje, mabilioni ya pesa za umma yakiingia na kuzama. Septemba 2019 benki ya KCB ikaweka mrasimu wa kusimamia mali. Hisa zikasimamishwa sokoni, na wale waliouza ng'ombe wakabaki na karatasi. Desemba 2021 kiwanda kikakodishwa kwa Sarrai Group ya Uganda kwa miaka 20, na kesi zikafuata kesi. Wakulima na wafanyakazi walikuwa bado wanadai.

Sisemi Mumias ilikufa kwa sababu ya makapi. Iliuawa na mikono mingi. Ninachosema ni kwamba teknolojia haikuiokoa. Hakuna anayeweza kusimama leo aniambie shida ya Kakamega ni kukosa mitambo ya kisasa. Mitambo ilikuwepo. Kilichokosekana ni kitu cha kumfanya mkulima aone mtambo ule ni wake kwa njia yoyote ile. Umeme ulipouzwa hakupata. Ethanoli ilipouzwa hakupata. Kampuni ilipoanza kuyumba, alipewa sehemu yake ya hasara mara moja, bila kikao: malipo yalichelewa. Kwa hiyo akafanya kile mtu yeyote mwenye akili angefanya. Akang'oa miwa akapanda mahindi. Au akauza kwa mtu wa pembeni anayelipa taslimu, hata kama muwa haujakomaa. Au akapeleka kwa kinu cha sukari nguru kule Malava, ambako analipwa kidogo lakini analipwa.

Hapo ndipo chanzo cha balaa lililotupata majuzi. Julai 2023 serikali ilisimamisha usagaji wa miwa kwa sababu mashamba yamebaki na miwa michanga. Julai 2025 ikasimamisha tena huku Magharibi, miezi mitatu, sababu ile ile. Viwanda vimekuwa vingi kuliko miwa, vinanyang'anyana, vinakata watoto. Wakubwa wakatulaumu sisi: ati mkulima hana nidhamu, ati anauza miwa kabla ya wakati. Jamani. Mtu aliyengoja malipo mwaka mzima, ana mtoto amerudishwa nyumbani kwa ada, anaona lori limekuja na pesa mkononi. Nidhamu ya nini hapo? Ukitaka muwa ukae shambani mpaka ukomae, mpe mwenye shamba sababu ya kungoja. Sababu ni pesa, na pesa iko kwenye mabaki.

Na hili si tatizo la sukari pekee. Tazama majirani zetu Webuye. Kiwanda cha karatasi cha Pan African Paper Mills kilijengwa mapema miaka ya 70 kwa pesa za serikali ya Kenya, za shirika la fedha la Benki ya Dunia na za wawekezaji kutoka India. Kilikula misitu ya kupandwa, kikatoa karatasi, kikalisha mji. Pia kilitoa harufu ambayo abiria wa barabara kuu waliijua kabla ya kuona kibao cha Webuye, na wakazi walilalamika miaka nenda miaka rudi kuhusu mabati yaliyoliwa na hewa ile na maji ya mto Nzoia. Mwaka 2009 kikafungwa. Mwaka 2016 kikauzwa kwa Rai Group kwa shilingi milioni 900. Kwa miaka yote hiyo mwenyeji wa Webuye alipokea kutoka kiwandani vitu viwili: mshahara, kama alibahatika kuajiriwa, na moshi, bila kuhitaji bahati. Kiwanda kilipofungwa mji ulilala kwa sababu haukuwa na kitu chake ndani yake.

Au tazama mbono, ule mmea wa mafuta unaoitwa jatropha. Katikati ya miaka ya 2000 wakulima wa Kenya waliambiwa huo ndio petroli yao: unaota popote, hauhitaji maji mengi, utauza mbegu uwe tajiri. Utafiti uliotolewa mwaka 2009 ukaenda kuhesabu mashambani na ukakuta kwamba kwa mkulima mdogo haulipi, labda aupande kama ua wa boma. Kufikia hapo watu walishatoa ardhi na misimu yao. Waliouza ndoto walishaenda ndoto nyingine. Hii ni desturi yao: faida ikija ina mwenyewe, hatari ikija inagawanywa kijijini.

Sasa mtu atauliza, je, kuna mahali Kakamega ambapo kitu kama hiki kimefanywa vizuri? Kipo. Ni kidogo, na ndiyo maana hakitajwi kwenye hotuba.

Kando ya Msitu wa Kakamega kuna kikundi cha wakulima kinaitwa Muliru. Msitu huu ndio kipande pekee kilichobaki Kenya cha ile misitu ya mvua inayotoka upande wa Kongo, na watu wanaoishi pembeni yake wamekuwa wakiingia humo kutafuta kuni, dawa na malisho, kwa sababu shamba la robo ekari haliwezi kutoa yote. Kikundi hiki, kikishirikiana na watafiti wa icipe, kilianza kulima kwenye mashamba yao mmea wa jamii ya kivumbasi unaonukia kafuri. Wanakikundi wanakausha majani, wanayakeneka kwa mtambo wao wenyewe, mafuta yanatengenezwa dawa ya kuchua inayoitwa Naturub. Mwaka 2010 wakapewa tuzo ya Equator ya shirika la maendeleo la Umoja wa Mataifa.

Usinielewe vibaya, kichupa cha dawa ya kuchua hakitalisha kaunti. Angalia tu nani amesimama wapi. Anayelima jani ndiye mwenzake wa anayekeneka mafuta, na chupa ikiuzwa pesa inarudi kwenye kikundi chake. Msitu nao unapumua, kwa sababu mmea unaolipa umehamia shambani. Linganisha na mukombero. Ule mzizi unaotafunwa, unaouzwa vipande pale steji ya Kakamega mpaka kwenye foleni za magari Nairobi, na wauzaji wakikukonyeza jicho. Mukombero mwingi ulikuwa unang'olewa msituni, na mzizi uking'olewa wote mmea umekwisha. Kila mtu ananunua, hakuna mwenye wajibu wa kuotesha mwingine. Mimea hii miwili inatoka msitu mmoja. Tofauti yao ni nani anamiliki hatua inayofuata baada ya kuchuma.

Na kuna kichekesho kingine ambacho sijui tucheke ama tulie. Asubuhi na mapema, mama kutoka vijiji vya kando ya msitu anatembea na mzigo wa kuni kichwani, akichungulia askari wa misitu. Upande mwingine wa kaunti hiyo hiyo kuna viwanda vinavyotoa makapi kwa malori. Kule Nairobi, wale waliopikia jiko la KOKO walikuwa wanachoma ethanoli, na nyingi yake iliagizwa kutoka nje kwa sababu ya ndani haikutosha. Kaunti ya miwa inapikia kuni za msitu wake wa mwisho, mji mkuu ulikuwa unapikia ethanoli ya wageni. Na bado kuna mtu atasimama kwenye jukwaa aseme tatizo ni uhamasisho.

Wenye viwanda wana majibu yao, na ni haki tuyasikie. Wanasema makapi mengi yanachomwa kupika sukari hiyo hiyo, hivyo hakuna faida ya kugawa. Sawa. Basi toeni hesabu: makapi kiasi gani yalipika sukari, kiasi gani kilizidi, kilichozidi kiliuzwa wapi. Tunaomba sehemu ya kilichozidi. Wanasema mtambo wa umeme au wa ethanoli unagharimu pesa nyingi na mkulima hakuchangia. Sawa pia. Ondoeni gharama, ondoeni riba ya benki, kinachobaki tugawane kwa kiwango kinachojulikana. Hakuna anayedai bure. Lakini msituambie mtambo ni mtaji na shamba ni hewa.

Wanasema tukiwabana, mwekezaji atakimbia. Akimbilie wapi? Mauritius, kisiwa kidogo kuliko kaunti nyingi za Kenya, imekuwa ikiwalipa wakulima wa miwa kwa makapi yao kwa miongo kadhaa, na viwanda vyake vinauza umeme kwa gridi mpaka leo. Ni kweli mitambo yao huchoma pia makaa ya mawe msimu wa miwa ukiisha, kwa hiyo si malaika. Lakini mkulima wao anajua kwamba makapi yana bei. Jimbo la São Paulo kule Brazili lina mfumo unaoitwa Consecana, ulioanza mwishoni mwa miaka ya 90, ambapo bei ya muwa inahesabiwa kutokana na bei ya sukari na bei ya ethanoli pamoja. Wenye viwanda na wakulima wanakaa meza moja kuipiga hesabu hiyo. Brazili haijakimbiwa na mtu. Hata sisi imewahi kutuuzia sukari.

Kwetu mambo yanasonga, lakini angalia yanasonga kuelekea wapi. Mwaka 2024 tulipata Sheria mpya ya Sukari. Imeirudisha Bodi ya Sukari ya Kenya na ushuru wa maendeleo ya sukari. Mei 2025 serikali ikakodisha viwanda vyake vinne kwa kampuni binafsi, kila kimoja miaka 30: Nzoia, Chemelil, Muhoroni na Sony. Nzoia, jirani yetu Bungoma, ikaenda kwa West Kenya, yenye makao hapa kwetu Kabras. Miaka 30 ni mingi. Mtoto anayezaliwa leo atakuwa na watoto wake kabla mkataba huo haujaisha. Kwenye kelele zote za mikataba hiyo nilisikia watu wakijadili madeni, mishahara ya wafanyakazi, ardhi ya kiwanda. Hayo yote ni muhimu. Sikusikia mtu akiinua mkono kuuliza: kwa miaka hiyo 30, molasi ya nani? Makapi ya nani?

Basi sisi tuulize, na tuulize kwa sauti ya mtaani ili isipotee kwenye lugha ya ripoti.

Kwanza, hati ya malipo iwe na mistari minne: sukari, molasi, umeme, ethanoli. Kiwanda kisichouza umeme kiandike sifuri. Sifuri iliyoandikwa ina faida yake, kwa sababu siku ikianza kuuza, kila mtu atangoja hiyo sifuri ibadilike.

Pili, malipo yakichelewa yazae riba kwa mkulima, kama deni lake la mbolea linavyozaa riba kwa kiwanda.

Tatu, matope ya chujio na majivu yarudi mashambani. Mashamba yetu yamechoka. Huwezi kuvuna muwa juu ya muwa kwa miaka 40, ukachukua kila kitu, halafu ukashangaa mavuno yakishuka. Udongo nao unadai, ni vile tu hauna wakili.

Nne, kikundi cha wakulima kinachotaka kubana makaa ya makapi, kutengeneza chakula cha ng'ombe cha molasi au kukeneka mafuta ya kivumbasi kiweze kununua malighafi kwa bei ya wazi, na kaunti iwape umeme na barabara kama inavyowapa wakubwa.

Najua nani anasoma hapa. Ni wewe uliye Nairobi, Nakuru, Eldoret, unayepokea simu ya nyumbani mwisho wa mwezi. Unadhani haya ni mambo ya wazee wa shamba. Lakini ile elfu mbili unayotuma ya mbolea, ya hospitali, ya ada ya mdogo wako, inajaza pengo lililoachwa na mistari mitatu isiyokuwepo kwenye hati ya mama. Wewe ndiye unayelipa makapi.

Mwaka 2027 watakuja. Wamekuja 2013, 2017 na 2022, na kila mara wimbo ni ule ule, tutafufua Mumias, na mtu anapanda juu ya gari na kuinua muwa hewani. Safari hii akiinua muwa, asiulizwe lini kiwanda kitafunguliwa. Aulizwe muwa huo aliouinua una vitu vingapi ndani yake, na mwenye shamba atalipwa vingapi. Akisema sukari pekee, mwache aongee peke yake.